Laini Mbili, Njia Moja: Intaneti ya Tabora na Somo la Misafara

Leo naomba tuongelee kitu tunachokilalamikia kila siku bila kufuatilia kinatoka wapi: mtandao kukata.

Tuanzie Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku ile intaneti ilianza kusuasua nchi nzima, na kwa wengine ikakata kabisa. Hapa Tabora tukafanya yale yale ya siku zote. Zima data, washa data, chomoa laini, futa vumbi, rudisha laini, mlaumu mwenye kafe kwamba hajalipia. Wenye simu za laini mbili wakahamia laini ya pili. Wapi! Nayo hoi. Kesho yake, kafe moja karibu na stendi, nilimkuta mama mmoja ametoka Sikonge kwa basi kuja kuchapisha vyeti vya mwanawe vilivyotumwa kwa imeili. Alikaa mpaka saa tisa, akaondoka mikono mitupu, na nauli ameshalipa.

Pale kafe kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja akasema makampuni ya simu yanatuibia bando. Mwingine akasema ni serikali. Mwingine akasema ni mvua. Ukweli ulikuwa mbali kuliko wote walivyodhani: mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika upande wa kusini, kaskazini kidogo ya Durban, Afrika Kusini. Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alitangaza kwamba hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukafunga huduma kwa wageni kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao kuwa mbovu. Kenya, Malawi, Msumbiji na Madagascar nao walilia.

Sasa swali langu ni hili: inakuwaje waya ukatike chini ya bahari huko Durban, halafu mama wa Sikonge akose karatasi yake Tabora? Tukilielewa hili, tutaacha kugombana na mwenye kafe, tutajua wa kumuuliza ni nani.

NJIA NI ILE ILE

Sisi watu wa Unyanyembe tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya Watanzania wengine wote, maana mji wetu umezaliwa na njia. Kabla ya reli, kabla ya Mjerumani, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa, halafu ikagawanyika. Wengine walielekea Ujiji na Kongo, wengine Karagwe na Buganda. Mizigo ilibebwa na mabega ya babu zetu Wanyamwezi. Kwenda pwani zilikwenda pembe za ndovu, na walikwenda watu waliotekwa utumwa. Kuja bara zilikuja shanga, nyaya za shaba, bunduki na vitambaa. Kitambaa kilichotamba kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani. Kwa hiyo ndugu yangu unayeringa na simu mpya kutoka ng'ambo, jua hukuanza wewe. Kuringia bidhaa ya ng'ambo ni mambo ya tangu enzi za merikani.

Mwendo wake je? Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne! Kuna mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley alipofika Unyanyembe katikati ya 1871 aliukuta bado umelala hapa, akauchukua, na yeye ndiye aliyemfikishia mzee huyo kule Ujiji mwezi Novemba. Mwaka mzima na zaidi. Sisi leo ujumbe ukikaa dakika mbili na tiki moja tunaanza kutukana.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Halafu karne iliyofuata ukaja mkongo. SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, EASSy ukaanza kazi mwaka 2010, na serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China, ukiwa na zaidi ya kilomita 7,000 za nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. TTCL wakapewa kuusimamia. Ukajengwa kwa mizunguko mitatu: kaskazini, kusini na magharibi.

Ona sasa. Mabega, reli, nyuzi za kioo. Chombo kimebadilika mara mbili, ila muelekeo ni ule ule: kila kitu kinaingilia pwani halafu kinapanda kuja bara. Ukibonyeza picha hapa Tabora, mara nyingi ombi lako linateremka Dar es Salaam, linaingia baharini, linakwenda Ulaya au Marekani, halafu picha inarudi kwa njia hiyo hiyo. Ni msafara kamili, kasoro wapagazi.

MIRAMBO ALITUFUNDISHA NINI?

Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora. Akafunga njia ya Ujiji. Basi! Mjini Tabora mali ilijaa majumbani, wapagazi wapo, pesa zipo, lakini hakuna anayepita. Stanley alijiunga na Waarabu kupigana, wakachapwa. Mwisho akafanya kitu cha akili zaidi: akazunguka kusini, akapita porini mbali na eneo la vita, akatokea Ujiji. Alifika kwa sababu palikuwa na njia ya pili, si kwa sababu alikuwa na bunduki nzuri.

Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, hapo hapo penye tembe lililofanywa makumbusho, kuanzia Machi mpaka Agosti 1872 akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani. Miezi mitano! Hiyo ndiyo "loading" ya kwanza Tabora, wadau.

Somo lake ni dogo tu. Ukubwa wa mzigo si kitu, uzuri wa chombo si kitu. Jiulize: njia ziko ngapi, na nani ameshika lango?

SHINGO IMEHAMIA BAHARINI

Tukiwa wakweli, huku bara tumepiga hatua. Ule mkongo wa taifa ulijengwa kwa mzunguko kwa sababu maalum: trekta likikata upande mmoja, mawasiliano yanageuka na kupita upande wa pili. Kampuni za simu nazo zimechimba njia zao. Halotel walipoingia sokoni Oktoba 2015 walikuja na nyuzi zao wenyewe mpaka vijijini. Kwa hiyo kati ya Tabora na Dar njia si moja tena.

Tatizo ni pale Dar inapokutana na bahari. Hapo njia zinabanana kama shingo ya kibuyu.

Na mwaka 2024 kibuyu kilibanwa huku na huku. Tarehe 18 Februari meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Ikabaki inaelea ikiburuza nanga, na inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata mikongo mitatu kwenye Bahari ya Shamu siku chache baadaye, ukiwemo ule unaotumiwa na SEACOM. Njia ya kaskazini ikawa imeumia. Mwezi Machi mikongo kadhaa ya Afrika Magharibi ikakatika karibu na Abidjan. Halafu ndiyo ikaja ile ya Mei upande wa kusini. Yaani ni kama Mirambo amefunga njia ya Ujiji, na wewe unajiandaa kuzunguka kusini, unasikia na kusini kumefungwa.

Ndiyo maana kuhamia laini ya pili hakukusaidia. Hapa nataka wasomaji wangu wa kafe mnielewe vizuri. LAINI MBILI SI NJIA MBILI. Rangi za vocha ni tofauti, matangazo ni tofauti, wasanii wanaotangaza ni tofauti, lakini kule chini kampuni mbili zinaweza kuwa zimekodi mkongo ule ule. Wewe unalipa mara mbili, halafu mkongo ukikatika unakosa mara mbili.

Kitu kingine kilichonifungua macho siku zile: M-Pesa ilikuwa inafanya kazi! Ukipiga *150*00# unapata menyu, unatuma hela, inafika. Kwa nini? Kwa sababu menyu ile haipiti kwenye intaneti. Inatumia njia ya simu ya kawaida, na mitambo yake inahudumiwa hapa nchini. Haina habari na Durban. Simu za kawaida nazo zilipigwa kama kawaida. Kilichokufa ni kile tu kinachokaa ng'ambo.

Fikiria mtu wa Ng'ambo, namaanisha mtaa wetu wa Ng'ambo, anamwandikia jirani yake wa Cheyo. Umbali ni wa kutembea kwa miguu. Lakini kwa kuwa imeili zao wote wawili zinakaa kwenye seva za nje, barua inateremka Dar, inavuka bahari, inafika ughaibuni, inageuza, inarudi Tabora. Mkongo ukikatika, majirani hawaandikiani. Hii ni akili gani jamani?

Dawa yake sehemu fulani ipo. Dar es Salaam kuna kituo cha kubadilishana mawasiliano tangu 2004, ambapo kampuni za intaneti za hapa nchini hukutana na kupeana mizigo bila kuipeleka nje. Lakini kituo kinasaidia pale tu kilichomo ndani kinapokuwa chetu. Ukiwa na soko zuri la Tabora halafu kila nyanya inayouzwa inatoka Ulaya, soko hilo ni jengo tu.

HONGO

Sasa tuje kwenye hela, maana najua wengi ndicho mnachosubiri.

Zamani msafara ukipita Ugogo ulilipa hongo kwa watemi. Siku hizi neno hilo maana yake ni rushwa, lakini enzi hizo lilikuwa ada ya njia, inalipwa hadharani kwa vitambaa na shanga. Wasafiri walilalamika sana, walikaa siku nyingi wakibishana bei. Lakini angalau walijua wanamlipa nani na wanalipia nini: kupita, maji, na usalama.

Hongo ya intaneti tunaijua? Chukua bando la shilingi 1,000. Ndani yake mna VAT, asilimia 18 kwa Tanzania Bara, na ushuru wa bidhaa ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 17 kwenye huduma za simu. Kwa viwango hivyo, kama shilingi 275 zinaondoka kabla hujafungua hata ukurasa mmoja. Mimi sisemi kodi ni mbaya, barabara na hospitali zinatoka wapi? Nasema tu wengi wetu tunainunua bando tukidhani yote ni ya kampuni.

Kuna hongo nyingine zilizoletwa waziwazi. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu ajisajili na alipie leseni, jumla kama shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia. Kijana aliyemaliza fomu foo, anayeandika kwa kukodi kompyuta kwa saa, milioni mbili anaitoa wapi? Blogu nyingi zilifungwa kimya kimya. Ada zile zikapunguzwa baadaye. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea kiasi unachotuma. Watu wakapiga kelele, na Septemba mwaka ule ule ikakatwa kwa asilimia 30, halafu ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata.

Someni vizuri hapo. Ilipunguzwa kwa sababu watu WALIJUA wanalipa nini. Hata bei mpya za bando za Aprili 2021 zilisitishwa baada ya kelele za wananchi. Hongo inayoonekana inajadilika. Isiyoonekana inalipwa tu mpaka kiama.

NANGA NA MKONO

Mpaka hapa nimeongelea ajali. Lakini lango la pwani halifungwi na nanga peke yake.

Siku za uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa, watu wakahangaika na VPN. Na kwenye Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilianza kurudi tarehe 3 Novemba. Siku zile VPN haikufua dafu, maana VPN ni barakoa ya kupitia mlangoni usijulikane, na hapo mlango wenyewe ulikuwa haupo.

Kwa mtu wa Tabora aliyekaa mbele ya skrini, ajali ya Mei 2024 na uzimaji wa Oktoba 2025 vilifanana: kiduara kinazunguka, hakuna kinachofunguka. Lakini havifanani hata kidogo. Nanga haina ofisi. Nanga haiwezi kuulizwa kwa nini. Mkono wa mtu una ofisi, una sheria unayoitumia, na unaweza kuulizwa. Watu walikuwa hawajui ndugu zao wa Dar, Mwanza na Arusha wako salama au la, na wenye ndugu Muscat na Dubai walikaa siku kadhaa bila kupata hata salamu ya nyumbani. Kwenye hofu, kukosa habari ni mateso ya pili.

Ndiyo maana siogopi kusema: mikongo kumi tukiwa nayo na lango likabaki moja, lenye mkono mmoja, bado tuko kwenye msafara wa 1871. Mkongo wa ziada unatibu nanga. Mkono unatibiwa na sheria inayosema wazi nani anaruhusiwa kuzima, kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani atamhoji baadaye.

SASA TUFANYE NINI?

Sipendi makala ya kulia tu. Haya ndiyo mawazo yangu.

Kwanza, njia za kutokea baharini ziongezeke, na zisipite sehemu moja. Mkongo wa 2Africa ulishafikishwa Dar es Salaam mwaka 2023, na ni habari njema. Lakini tuulize pia njia za nchi kavu kupitia majirani zetu, na za angani. Starlink ya setilaiti ilifunguliwa Rwanda na Kenya mwaka 2023. Si ya kila mfuko, lakini hospitali moja kwa kila wilaya ikiwa na njia isiyotegemea bahari, huo ni uhai.

Pili, makampuni ya simu yatuambie yanapita wapi. Likinunuliwa basi jipya tunaambiwa ruti yake. Kwa nini bando liuzwe bila ruti? Mteja akijua kampuni A na kampuni B zinapita mkongo mmoja, atachagua laini ya pili kwa akili.

Tatu, vitu vyetu vikae nyumbani. Matokeo ya mitihani, fomu za mikopo, usaili wa ajira, magazeti, muziki wetu. Kila kitu cha Mtanzania kwa Mtanzania kinachoweza kukaa kwenye seva ya hapa, kikae hapa, ili siku bahari ikigoma kijana wa Nzega aendelee kujaza fomu yake. Ila tahadhari, kikae kwa sheria inayolinda siri za watu. La sivyo tumemhamishia tu mwenye lango mzigo wetu sebuleni kwake.

Nne, sisi wenyewe. Vyeti vyako usiviache kwenye imeili tu, viweke kwenye flashi na kwenye kadi ya simu. Namba za ndugu ziandike kwenye daftari, ndiyo, daftari! Fomu yenye tarehe ya mwisho usiisubirie siku ya mwisho. Na kila nyumba ikubaliane: mtandao ukizima, tunapigiana kwa simu ya kawaida saa ngapi, na nani anampigia nani. Redio ya betri usiicheke.

Babu zetu hawakuwa wajinga. Mnyapara wa msafara alikuwa hafungi mzigo kabla ya kujua kisima kinachofuata kiko wapi, nani anadai hongo mbele, na njia ikifungwa watazungukia wapi. Sisi tunaanza safari kubwa kuliko zao, tunaweka masomo, hela na mapenzi yetu yote kwenye waya mmoja, na ukituuliza waya unapita wapi hatujui. Tunajua tu bando linaisha lini.

Naomba kuwasilisha. Waliokuwa Kigoma, Kahama, Urambo na Mpanda mwezi ule wa Mei, leteni ya kwenu hapo chini: laini gani ilishika, gani ilikufa, na ilirudi lini. Tukikusanya majibu ya kutosha tutaanza kuichora ramani ambayo makampuni hayajatuonyesha. Matusi hapana, hoja ruksa.